Hatua Nazo Zaandikwa

Ndugu msomaji, mtu akitoka nyumbani kwake kwenda msikitini, ile njia ni nini? Ni wakati uliopotea tu, au nayo ina thamani yake?

Wengi siku hizi wanaihesabu kuwa ni hasara. Hapa Wete utamwona mtu mzima wa afya, msikiti uko mtaa wa pili, naye apanda bodaboda. Mwingine huenda kwa miguu, lakini ni mwili tu unaokwenda. Moyo umebaki dukani ukihesabu madeni, na macho yako kwenye simu. Huyo hata akifunga sala, bado yuko dukani.

Watu wa Bani Salima walikaa mbali na Msikiti wa Mtume (S.A.W.) huko Madina. Viwanja vya karibu vilipokuwa vitupu, walitaka kuhamia. Mtume akawataka wabaki majumbani mwao, akawajuvya kuwa nyayo zao zinaandikwa. Zingatia hapo: umbali walioudhani mzigo, kumbe ni akiba yao. Akatukataza pia kuikimbilia sala hata tukisikia ikama. Twende kwa utulivu, kwani mwenye kuikusudia sala yumo katika sala tangu njiani.

Basi ikiwa njia ni ibada, yataka moyo uwepo. Watawa wa dini ya Budha hutembea taratibu wakizingatia pumzi na hatua, na wengi huko Ulaya na Marekani wanawafuata ili wapumzishe akili. Sisi hatuna haja ya kuazima. Tawadha nyumbani, toka mapema, simu itie mfukoni, na kila hatua iwe na tasbihi yake. Wazo la deni likija, usigombane nalo. Rudi kwenye tasbihi.

Wala utulivu si kukokota miguu. Sayyidna Ali (R.A.) aliusifu mwendo wa Mtume kuwa ni wa nguvu, kama wa mtu ateremkaye kutoka mahali pa juu. Sisi tunaoteremka kilima kwenda bandarini twaujua mwendo huo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa nguvu kidogo ni miongoni mwake. Dakika 15 kwenda na 15 kurudi, kwa siku 5, hesabu imetimia. Na mazoezi hayo husaidia kuzuia presha na sukari. Lakini nia iwe ni sala. Afya ni faida inayofuata nyuma yake.

Mgonjwa na mzee asiyejiweza wana udhuru, nao wapande. Na mama wa nyumbani asidhani haya hayamhusu: njia ya kwenda kumjulia hali mgonjwa au kuunga udugu ni njia ya kheri pia.

Ama mwenye afya na ajiulize: kila siku napewa njia yenye thawabu, yenye kutuliza moyo na kuujenga mwili, kwa nini nilipe nauli ili niikose?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.