Mbao Tatu Chini ya Chokaa

Watu wanaonitembelea hapa Sofu huuliza swali lilelile: unatengeneza majahazi Kibaha, bahari iko wapi? Huwajibu kwamba majahazi yangu hayahitaji maji, yanahitaji kabati. Refu kuliko yote lina sentimita 75. Ni jahazi la mita 15 lililopunguzwa mara 20, na kwa hesabu hiyo ubao wa ubavuni wenye unene wa inchi moja na nusu unabaki milimita mbili hivi. Mbao za namna hiyo huzipati dukani. Unazipasua mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya mafundi milango wa Maili Moja, kipande kwa kipande, huku ukiogopea vidole.

Lakini leo sitaki kufundisha ufundi. Kuna swali linanisumbua tangu mwaka jana: ubao ambao hakuna atakayeuona, je, fundi anadaiwa ukweli juu yake?

Nianzie mbali kidogo. Jahazi halisi hujengwa kwa mbao ngumu: mvule, mkongo, mtiki. Mtu angedhani mfano wa kweli ni ule uliojengwa kwa miti hiyohiyo. Nami nilidhani hivyo. Nikapasua mvule, nikaunamisha kwa maji ya moto, nikaugandisha kwenye mataruma, nikapiga msasa na kupaka vanishi. Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama. Jamani, lilikuwa linafanana na meza! Vinyweleo vya mvule ni vikubwa, na ukilipunguza jahazi mara 20 vyenyewe havipungui. Baharia wa kimo cha jahazi lile angekuta ubavuni mifereji ya karibu kuingiza penseli.

Kwa hiyo mti wa kweli ulinipa chombo cha uongo. Siku hizi napenda mchungwa. Matunda yake kila mtu anayajua, ubao wake hawaujui. Nyuzi zimebanana, rangi ni ya njano iliyopauka, na ukishapita msasa namba 400 unateleza kama kiganja cha mtoto. Tabu yake ni kwamba magogo ni mafupi na yamepinda, kupata sentimita 40 zilizonyooka bila fundo ni bahati. Nasema uongo kuhusu mti ili niseme kweli kuhusu ukubwa. Hilo halijawahi kuninyima usingizi, maana mnunuzi namwambia.

Na umaliziaji nao ni hivyohivyo. Vanishi nyepesi iliyozimuliwa kwa tina inaufunua ubao, rangi inaufunika. Majahazi ya kweli sehemu ya chini hupakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu, ikawa nyeupe, na juu mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo sidhani kama yupo mwenye nyumba angeyavumilia sebuleni. Chokaa haimdanganyi mtu. Kila anayeiona anajua kuna kitu chini yake. Lakini chukua rangi nyeusi ya viatu, sugua kwenye mti mweupe, simama mbele ya mgeni na sema "mpingo". Ni rangi tu, kama ile chokaa. Tofauti iko mdomoni. (Mgeni mwenye akili huomba kipande na ndoo ya maji: mpingo huzama.)

Basi. Mwaka jana alikuja mzee mmoja, mstaafu, kuagiza jahazi la mninga. Nikamweleza habari ya vinyweleo, kwamba mninga nao ni mpana. Akasema ameelewa, ila kitanda cha mama yake kilikuwa cha mninga, na anataka mninga. Tukakubaliana bei ya mninga.

Ijumaa, siku mbili kabla hajaja kuchukua, mbao ziliniishia. Zilibaki nafasi tatu upande wa kushoto, karibu na mkuku, mahali ambapo kesho yake ningepaka chokaa. Pembeni palikuwa na msonobari. Nikazipasua tatu, nikazigandisha, nikazipiga randa zikalingana na jirani zake. Mpwa wangu, anayejifunza kazi kwangu, alikuwa ameshika kopo la gundi.

"Mjomba, hizi si msonobari?"

"Zinakwenda chini ya chokaa."

"Ahaa," akasema.

Najua utetezi wangu wote, nimeshausikiliza mara nyingi. Mzee hakupungukiwa kitu anachoweza kukiona wala kukigusa. Chokaa ni ileile, umbo ni lilelile. Unaweza kusema mninga hautanuki sana kwa unyevu na msonobari hutanuka, kwa hiyo masika moja chokaa itapasuka kwa mstari nitaumbuka. Labda. Labda pia haitapasuka kamwe. Nisingependa hoja yangu itegemee ufa. Kosa linalosubiri kugunduliwa ndipo liwe kosa ni hesabu ya mwizi.

Kilichonigusa kwanza kilitoka mbali kabisa, kwenye habari za mtepe. Mtepe ni chombo cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari. Kilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Watafiti walipotaka kujua ulivyoshonwa, walitegemea picha za zamani, maelezo ya waliouona, na mifano midogo iliyobaki kwenye makumbusho, Fort Jesus ya Mombasa ikiwemo. Mwaka 2003 ukajengwa mtepe mzima Zanzibar, ukawekwa Beit al-Ajaib. Waliochonga ile mifano pengine walikuwa watu kama mimi, wanatafuta hela ya unga. Hawakujua kwamba siku moja mtu atainama kuhesabu mishono yao ili ajue meli nzima ilikuwaje. Nani aliwaambia mishono ya ndani haitatazamwa?

Lakini nikiwa mkweli, mtepe ulinifanya nifikiri tu. Aliyeniumiza ni mpwa wangu. Baada ya mwezi mmoja hivi aliuza ngalawa ndogo kwa mpita njia. Ilikuwa ya mwembe, imesuguliwa rangi ya viatu, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema mpingo. Mnunuzi alipoondoka nikafungua mdomo. Akanitazama bila kiburi chochote, akasema, "Mjomba, si haoni?"

Sikuwa na neno.

Jumapili iliyofuata nikapanda basi kwenda Mlandizi kwa yule mzee. Shikamoo, marahaba, kiti, chai. Nikasema yote. Alinyamaza muda mrefu kiasi cha mimi kuanza kuhesabu mabati.

"Jahazi liko kwa binti yangu, Muscat," akasema. "Nilimwambia ni mninga mtupu. Naye kila mgeni anamwambia hivyo."

Hapo nikaona kitu ambacho sikukiona Ijumaa ile. Uongo wangu ulikuwa umeshahama kwangu. Ulikuwa unasemwa na watu waaminifu, kwa furaha, mbele ya kahawa, nchi nyingine.

"Ungeniuliza siku ile," akaendelea, "ningekuambia weka tu. Sasa leo unataka mimi nifanye nini? Nimpigie mtoto simu?"

Mfukoni nilikuwa na hela, tofauti ya bei ya mbao tatu, nimeipiga hesabu tangu nyumbani. Sikuitoa. Ingekuwa tusi. Hakuniambia amenisamehe, wala hakuniambia niondoke. Aliniuliza kama nimekula.

Sijui kama alimpigia binti yake.

Siku hizi, kabla ya kufunga sitaha, tunaandika kwa penseli ndani ya jahazi: mti gani umekwenda wapi. Anayeandika ni mpwa wangu kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Wiki iliyopita aliandika: mchungwa, mkangazi juu, msonobari mbao mbili kushoto chini. Na mteja tulishamwambia.

"Mjomba, sitaha ikishafungwa nani ataingia humu kusoma?"

"Umekosea," nikamwambia, "ni mbao tatu."

Akafuta, akaandika tatu, nikampa gundi.