Jana macho mekundu, leo kanzu na ndevu

Ilikuwa mwaka 2016, wiki chache tu baada ya watu watatu kuuawa kwa kukatwa mapanga wakiwa ndani ya msikiti, mtaa wa Ibanda, Mkolani, jijini Mwanza. Nilikuwa natoka huko kurudi nyumbani Bariadi. Nimevaa kanzu na kofia, na nina boksi nililolifunga kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na kichwa cha cherehani nilichokinunua kwa fundi mmoja mjini. Wanaozijua cherehani za zamani watakubaliana nami kwamba kichwa kile ni kizito kuliko mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo nilipokiingiza chini ya kiti kilitoa mshindo.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo aliyempakata mjukuu. Akaniuliza, "Baba, humo mna nini?" Nikamjibu kuwa ni cherehani. Akanyamaza. Tulipofika Kisesa akamwita konda, wakaanza kunong'ona kwa Kisukuma. Alimwambia kuwa huyu Mwarabu hamwamini, na boksi lake lina chuma.

Ndugu msomaji, mimi ni Msukuma wa Itilima. Babu yangu alichunga ng'ombe, baba yangu alilima pamba, na rangi yangu haina tofauti na ya mama yule. Lakini kanzu ilitosha kunibadilisha kabila. Tulipofika Magu gari lilisimama, nikaambiwa nifungue boksi, na nikafungua mbele ya abiria wote. Cherehani ikaonekana, wapo waliocheka, na yule mama akaniambia kwa upole kabisa, "Pole sheikh, siku hizi watu tunaogopa." Kisha akaomba ahamishiwe kiti kingine.

Hapo ndipo penye swali langu. Kama tatizo lilikuwa boksi, boksi lilikwishafunguliwa. Mbona hakubaki pale alipokuwa?

Nataka kwanza nimtendee haki mama yule, kwani katika kurasa hizi tuna tabia ya kuieleza hofu ya wenzetu kana kwamba ni chuki iliyotengenezwa na magazeti peke yake. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Agosti 7, 1998 mabomu yaliripuliwa katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, na kwa upande wa Dar es Salaam watu 11 wakafa, watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Miongoni mwa waliohukumiwa Marekani kwa shambulio lile wamo Watanzania, tena wenye majina kama ya kwetu. Septemba 2013 likatokea la Westgate, Nairobi, ambako watu 67 waliuawa. Na hawa watatu wa Mwanza waliuawa msikitini, ndani ya nyumba yetu sisi. Bibi aliyempakata mjukuu ana haki ya kuogopa. Hoja ni je, hofu yake inampa haki gani juu yangu?

Wapo wanaosema kwamba si kila mwenye kanzu ni gaidi, lakini magaidi wengi wanaosikika wanajiita Waislamu, kwa hiyo ni busara kumtazama Mwislamu kwa jicho la pili. Maneno haya yanaonekana kuwa na akili, na husemwa na watu wastaarabu. Hebu tuyapime kwa mizani ya hapa hapa Simiyu. Wezi wengi wa ng'ombe katika nchi hii ya wafugaji ni watu wanaojua kuswaga ng'ombe. Haya ni kweli tupu, kwani asiyejua kuswaga hafiki mbali na kundi la wizi. Je, tumkamate kila ajuaye kuswaga? Tukifanya hivyo Bariadi, Meatu na Maswa zitabaki na walimu na wauza duka. Sifa inayopatikana kwa wahalifu mia na kwa watu wema laki moja haimtambulishi mhalifu. Inakuonyesha tu kundi la watu wa kuwasumbua.

Nchi ya Usukuma haihitaji kufundishwa jambo hili na watu wa mbali, kwa sababu imelilipia kwa damu. Kwa miongo mingi vikongwe wameuawa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, na alama iliyowaponza wengi wao ilikuwa macho mekundu. Na macho yale yanatokana na nini? Yanatokana na moshi. Kuni zimeadimika, bibi anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, katika jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini mfululizo. Anawapikia wajukuu, kisha moshi wa chakula chao unageuka ushahidi dhidi yake. Waliowaua nao walikuwa na hofu ya kweli, kwa kuwa watoto walikuwa wanakufa, ng'ombe walikuwa wanakufa, na kila mmoja alitaka usalama.

Kuna sura nyingine ya kisa hicho ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Mwaka 1976 Serikali iliendesha msako mkubwa Mwanza na Shinyanga kuhusu mauaji hayo yaliyohusishwa na uchawi, na wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kwani Simiyu ilizaliwa mwaka 2012. Lengo lilikuwa zuri, kwani nani asiyetaka wauaji wakamatwe? Lakini washukiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakumtesa mtu, hakuwapo Shinyanga, na angeweza kusema kuwa ni makosa ya maofisa wa chini. Mwanzoni mwa mwaka 1977 akajiuzulu. Kwa maana nyingine, kiongozi yule alikubali kwamba mtu anayeshukiwa tu, hata katika jambo la kutisha kama mauaji ya bibi vizee, bado ana haki ambayo ikivunjwa waziri anaachia kiti.

Tulinganishe na yaliyofuata baada ya 1998. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, huku Waislamu wengi wakiipinga kwa hofu kwamba itatumika kuwaweka watu ndani muda mrefu kwa shuku tu. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walikaa mahabusu kwa tuhuma za ugaidi zaidi ya miaka sita, na Juni 2021 mashitaka yakafutwa wakaachiwa. Kesi haikufika mahali pa kutolewa hukumu. Kama walikuwa na hatia, wananchi hawakuonyeshwa ushahidi. Kama hawakuwa nayo, nani atawarudishia miaka ile? Sikumbuki kusikia waziri aliyeachia kiti.

Majirani zetu Kenya walilifanya jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh, mtaa wa Wasomali jijini Nairobi, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, na wengi wakapelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani kuhakikiwa vitambulisho, wakiwamo raia wa Kenya ambao kosa lao lilikuwa pua na nywele zao. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2, 2015, watu 148 wakauawa Garissa, wengi wao wanafunzi wa Chuo Kikuu. Mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Serikali. Msako wa pua na nywele haukumnasa huyo. Aliyekuwa ametoa taarifa mapema kwamba kijana huyo ametoweka ni baba yake mzazi, naye ni Msomali. Sasa jiulize, baba wa namna hiyo, ambaye ndiye jicho la kweli la usalama, atakwenda kituoni kutoa habari za mwanawe ikiwa anajua kwamba yeye mwenyewe akifika mlangoni atahesabiwa mshukiwa?

Wengine hutuambia, "Lakini ni usumbufu mdogo tu, dakika tano, unafungua boksi yanaisha." Ningekubali kama dakika tano hizo zingegawanywa. Katika basi lile palikuwa na mabegi, magunia na madumu, na hakuna kilichofunguliwa isipokuwa boksi la mwenye kanzu. Usalama tuliupata wote, gharama nikalipa mimi peke yangu, na nitailipa tena safari ijayo. Na si dakika tu. Tangu siku ile, nikipanda gari natafuta kwanza mtu wa kumsalimia kwa Kisukuma kwa sauti, "Mwangaluka!", ili abiria wasikie. Naweka mikono juu ya magoti. Boksi sibebi tena, nabeba mfuko wa nailoni unaoonyesha kilichomo. Nawajua wazazi wanaowaambia watoto wao wavae kanzu wakishafika msikitini, wasivae njiani. Je, hii nayo si hofu? Abiria walishusha hofu yao wakaniachia mimi niibebe, kisha wakasema gari lina amani.

Najua kuna atakayenikumbusha kisa cha Bwana Mtume (s.a.w.) alipokuwa akimsindikiza mkewe Safiyya usiku, wakapita wanaume wawili wa Kiansari wakaharakisha mwendo. Mtume akawaita na kuwajulisha kuwa huyu ni Safiyya, asije shetani akawatia jambo moyoni. Basi kama Mtume mwenyewe alijieleza, wewe nani usifungue boksi? Kisa hiki kimenisumbua sana, na sidhani kinajibika kwa wepesi. Ninavyokielewa mimi, Mtume alijieleza kwa kuwahurumia wale wawili, asitake nyoyo zao ziangamie kwa dhana mbaya. Ilikuwa ni hisani yake. Wao hawakumsimamisha na wala hawakumdai. Hisani ukiidai kwa nguvu inakoma kuwa hisani, inakuwa kodi. Na dhambi ya dhana, kwa mujibu wa Suratul Hujurat aya ya 12, ni ya mwenye kudhani, haihamii kwa anayedhaniwa ati kwa sababu hakujieleza mapema.

Hata hivyo, nakiri kwamba nilifungua boksi kwa hasira, na hasira ile haikumsaidia mama yule wala mimi.

Na tusijifanye sisi ni wa kuonewa tu. Katika Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105, wafasiri wanasimulia habari za mtu aliyejinasibisha na Uislamu aliyeiba dirii, kisha wizi ukaelekezwa kwa Yahudi. Jamaa zake wakamtetea, kwani ilikuwa rahisi kuaminika kwamba mwizi ni Yahudi. Aya zikashuka kumsafisha Yahudi. Watu wa Madina walikuwa na sababu zote za kisiasa za kumshuku mtu yule, na Qur'an haikuzitazama. Nikitaka aya hizo zinisaidie mimi ndani ya basi, ni lazima nizikubali zinaponishika shati.

Zilinishika mwaka huo huo. Jioni moja baada ya Maghrib alifika msikitini kwetu kijana mgeni, ndevu nyingi, suruali juu ya vifundo, begi mgongoni. Akasema anatoka Kigoma anakwenda Musoma, gari limemwacha, anaomba alale mpaka alfajiri. Tangu nipate akili, msafiri hajawahi kunyimwa mkeka pale. Lakini yaliyotokea Mwanza yalikuwa bado vichwani mwetu. Tukajitenga pembeni watu wanne wa kamati. Mmoja akasema polisi wakija tutajibu nini. Mwingine akasema hawa vijana wa siku hizi hawajulikani. Mimi ndiye niliyemwendea, na neno lililonitoka kinywani lilikuwa, "Ndugu yangu, humo kwenye begi mna nini?"

Akafungua bila kuombwa mara ya pili. Mlikuwa na shati, taulo, Juzuu Amma iliyochakaa na nusu mkate. Tukatazamana. Begi lilikwishafunguliwa, kama boksi langu. Nikamwambia atuwie radhi, hatuwezi kumlaza, akatafute gesti. Hakuwa na pesa ya gesti, tulijua. Alfajiri tulimkuta safu ya kwanza, kanzu ya mgongoni ina vumbi la stendi, na alipotoa salamu alinigeukia akanipa mkono.

Baadaye kamati ikanunua daftari. Yeyote anayelala msikitini anaandika jina, atokako na aendako, na kitambulisho chake kinatazamwa, awe na ndevu au hana, awe mgeni au mwenyeji. Ramadhani iliyofuata mwenyekiti wetu, mzee anayejulikana Bariadi nzima, alikaa itikafu, akaandika jina lake na kutoa kitambulisho kama wengine. Vijana walicheka, yeye hakucheka. Daftari lile limeshajaa, tumenunua jingine. Jina la yule kijana wa Kigoma halimo.