Tumekionea Haya Chakula Kilichoitosha Nyumba ya Mtume

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitoa ardhini nafaka na mboga na matunda, akaifanya riziki ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Waislamu wenzetu, aingiaye leo katika misikiti ya miji yetu ya pwani wakati wa sala ya jamaa ataona jambo ambalo wazee wetu hawakulizoea. Nyuma ya safu, na ubavuni mwa safu, pana viti. Zamani kiti kilikuwa kimoja, na mwenyewe alikuwa mzee aliyekula chumvi nyingi. Leo viti ni vingi, na baadhi ya wanaovikalia hawajafika umri wa miaka hamsini. Hatuwalaumu, kwani sheria imemruhusu asiyeweza kusimama asali kwa kukaa. Lakini yatupasa tuulize: ni kitu gani kilichoyashinda magoti haya? Si mara zote, lakini mara nyingi jawabu ni uzito wa mwili, pamoja na maradhi yaufuatayo, nayo ni sukari na presha.

Watu wetu wana maneno mawili juu ya jambo hili, na yote mawili hayakusibu. Wengine husema kuwa unene ni siha, na mke akikonda kidogo majirani humwuliza kama mumewe hamlishi. Wengine hukubali kuwa unene ni balaa, lakini hudhani kuwa dawa yake ni kushinda na njaa. Na kwa kuwa njaa haivumiliki, hujaribu wiki moja kisha wakarejea walipokuwa. Sisi twasema kuwa mtu aweza kula akashiba na mwili ukapungua, sharti ajue ale nini. Na chakula chenyewe si kigeni. Ni kile tulichokiacha kwa sababu tumekionea haya.

Mwenyezi Mungu katika Suratul-A'raf, aya ya 31, ametuamrisha tule na tunywe, kisha akatukataza israfu, akatujulisha kuwa hawapendi wenye kufanya israfu. Naye Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi aliyoisimulia Miqdam bin Ma'dikarib na kupokewa na Tirmidhi, ametufunza kuwa mwanadamu hajazi chombo kilicho kiovu kuliko tumbo, na kwamba matonge machache ya kuusimamisha mgongo wake yamtosha; na ikiwa hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Haya twayasikia kila mwaka juu ya mimbari. Lakini ni mara chache kuulizana Mtume mwenyewe alikuwa akila nini.

Sahl bin Sa'd (R.A.) aliulizwa, kama ilivyo katika Sahih ya Bukhari, ikiwa Mtume aliwahi kula mkate wa unga mweupe. Akajibu kuwa Mtume hakuuona unga huo tangu alipopewa utume mpaka alipofariki. Akaulizwa ikiwa walikuwa na machekeche. Akajibu kuwa Mtume hakuona chekeche. Basi waliilaje shayiri isiyochekechwa? Akaeleza kuwa waliisaga, kisha wakaupuliza unga. Makapi yaliyoweza kupeperuka yakaenda zake, na yaliyosalia wakayakanda pamoja na unga, wakala. Bibi Aisha (R.A.) naye amesimulia kuwa mwezi uliweza kuandama, ukaandama tena, na tena, wala moto haujawashwa katika nyumba za Mtume, na riziki yao ni tende na maji, illa maziwa waliyoletewa na majirani zao katika Ansari. Na Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kuwa alikwenda pamoja na Mtume katika karamu ya fundi mmoja wa kushona nguo. Palitengwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye mung'unye na nyama kavu, naye akamwona Mtume akivitafuta vipande vya mung'unye pande zote za sahani. Anas hakuacha kuupenda mung'unye tangu siku ile.

Asije mtu akatusingizia kuwa tumeharimisha nyama. Hasha! Nyama ni halali, na Mtume aliila. Samaki ni halali, na samli na asali ni halali. Na katika Suratul-Maida, aya ya 87, tumekatazwa kuyaharimisha mazuri tuliyohalalishiwa. Lakini kuwa halali ni jambo moja, na kuliwa asubuhi, mchana na usiku ni jambo jingine. Sayyidna Umar (R.A.), kama alivyopokea Imam Malik katika Muwatta, aliwahadharisha watu na nyama, akaifananisha mazoea yake na mazoea ya ulevi. Naye alikuwa Amiri wa Waumini, aliyeweza kuila kila siku lau angetaka.

Sasa na tutazame sababu yake, ili tusiseme kwa kufuata tu. Nguvu ya chakula mwilini hupimwa kwa kalori. Gramu 100 za kiazi kitamu cha kuchemsha zina kalori zipatazo 80. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ambacho mpishi hukimimina bila ya kukihesabu, kina kalori zipatazo 120, wala hakijazi hata pembe ya tumbo. Mbatata ya kuchemsha, gramu 100, haifiki kalori 100. Ikatwe, itiwe katika karai la mafuta, na gramu hizo hizo za chipsi hukaribia 300. Mbatata ni ile ile, ila ya pili imekunywa mafuta. Kadhalika nafaka iliyo nzima, na kunde, na mbaazi, na choroko, na mboga za majani, zina nyuzi ambazo huijaza matumbo, huichelewesha njaa, na huifanya sukari iingie katika damu polepole. Sisi twaikoboa nafaka, wishwa tukawatupia kuku, kisha ule unga mweupe tukautia sukari na kuukaanga, tukaita mahamri. Tumeondoa kinachoshibisha, tukaongeza kinachonenepesha.

Hapa atatokea wa kutuambia kuwa madaktari wamemkataza wanga, na kwamba mhogo na viazi na ugali ndivyo vinenepeshavyo. Ni kweli kuwa mwenye sukari hana budi kuangalia kiasi cha wanga alacho. Lakini wazee wetu waliokula mhogo, mtama, mkate wa mofa na mchele wa kutwanga hawakuwa wanene. Ni kweli pia kuwa walikwenda kwa miguu, wakalima na kuvua, nasi twapanda tuktuk kwenda dukani; hilo nalo ni la kurekebishwa. Hata hivyo wanga wao haukuogelea mafutani, wala haukuteremshwa kwa chupa ya soda.

Katika habari hii uko ushahidi wa tabibu aliyeishi katika nchi zetu. Hugh Trowell, Mwingereza, alianza kutibu wagonjwa Kenya mwaka 1929, kisha akaendelea Uganda kwa miaka mingi. Ilikuwa 1956 alipoandika habari za Mwafrika mmoja aliyepatikana na maradhi ya mishipa ya moyo, na jambo hilo likawa geni hata kustahili kuandikwa katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Yeye na mwenzake Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji Uganda, walishughulika sana na sababu ya tofauti hii kati ya watu wa huku na watu wa Ulaya. Na katika walivyovitaja sana ni makapi na nyuzi za chakula ambazo Wazungu walikuwa wameziondoa katika mikate yao. Nasi, badala ya wao kutufuata katika lililokuwa jema kwetu, tumewafuata wao katika lililowadhuru.

Na katika mji wa Gisborne, New Zealand, walitafutwa watu 65 wenye uzito uliozidi, wengine wakiwa na sukari au presha au maradhi ya moyo. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. Kundi la pili liliongezewa mafunzo ya kula nafaka nzima, viazi, kunde, mboga na matunda, bila ya nyama wala maziwa wala mafuta ya kupikia. Hawakuamrishwa kuhesabu kalori wala kukaa na njaa. Waliambiwa wale mpaka washibe. Matokeo yalitangazwa 2017. Baada ya miezi sita kundi la pili lilikuwa limepungua kilo 12 kwa wastani, na mwaka ulipotimia sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa ingalipo. Mafunzo hayo hayakutolewa katika hadithi ya Sahl. Lakini hikima ni kipotevu cha muumini, popote aionapo ana haki nayo.

Pana mambo mawili ya kuhadhari. Mwenye kutumia dawa za sukari au presha asibadilishe chakula chake ghafla bila ya kumjulisha daktari wake, kwani sukari yaweza kushuka mno na dawa ikahitaji kupunguzwa. Na mwenye kuacha kabisa kila kitokacho kwa mnyama hana budi kutumia vitamini B12, maana mimea haimpi ya kumtosha. Lakini atakayesalia na samaki wake mara moja moja, na nyama yake siku ya Idi, hatukumwambia aache.

Tumesema kuwa jambo hili ni la haya, nasi tutaeleza kwa nini. Alikuwako ndugu mmoja katika wanaohudhuria darasa letu, mtu mkarimu, mwenye kupenda wageni. Daktari alimwambia apunguze mwili, kwani sukari ilikwisha panda. Tukamnasihi arejee katika mhogo na kunde na mboga. Akatujibu: "Sheikh, wageni wakinikuta na sahani ya kunde, uso wangu nitauweka wapi?" Akaendelea na biriani, na kila mwenye karamu akamwekea sahani ya juu kwa kumheshimu. Kidonda kidogo cha kiatu kikakataa kupona. Wakaanza kukata kidole kimoja, kisha cha pili, kisha mguu chini ya goti. Aliuhifadhi uso, akaupoteza mguu. Nasi hatujitoi katika lawama, kwani baadhi ya karamu zile tulikuwamo, tukala naye, wala hatukusema neno.

Basi twaanza na nafsi zetu. Katika darasa letu tumeondoa mahamri na chai iliyojaa sukari. Sasa hutengwa mhogo wa kuchemsha, au mahindi, au mbaazi za tui jepesi, pamoja na matunda. Wiki za mwanzo palikuwa na minong'ono. Leo sahani hurudi tupu. Twawaomba wenye majumba wasiwatwike wake zao lawama, kwani mwanamke hupika kile mumewe anachokidai. Twawaomba wenye arusi na hitima wasikope mchele na mbuzi ili wasemwe vizuri kwa siku moja. Na Ramadhani ijayo turudishe futari ya asili, tende na maji, kisha viazi vitamu na ndizi na kunde, na sambusa ziwe za bahati. Ni aibu kwa mtu kufunga mwezi mzima kwa ajili ya Mola wake, kisha akatoka mnene kuliko alivyoingia.

Mwili huu si mali yetu. Ni amana, na mwenyewe ataiuliza. Atakayekuja nyumbani kwako akadharau chakula mfano wa kile kilichotengwa mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu, dharau hiyo yamrudia mwenyewe.

Ewe Mola wetu, tupe kukinai na riziki uliyotupa, uwaponye wagonjwa wetu, na utusahilishie kukusujudia kwa vipaji vyetu juu ya ardhi mpaka siku ya kukutana nawe. Amin.

Wabillahi tawfiq.