Msafiri na Ujuzi wa Watu

Tembea uone, husema wahenga, na wengi wamedhani kwamba kutembea na kuona ni jambo moja. Jina la Wasukuma latosha kuitia shaka dhana hiyo. Katika lugha yao na ya ndugu zao Wanyamwezi, sukuma ni kaskazini, kama dakama ilivyo kusini. Jina hilo basi halisemi wao ni watu gani. Lasema aliyewaita alikuwa amesimama wapi.

John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa kuu mwaka 1858, akakaa siku chache, akaliita kwa jina la malkia wake, akageuka. Alisema kuwa ni chanzo cha Mto Nile, wala hakukosea. Lakini ziwa hutazamwa tu. Mtu hutazamwa naye hutazama.

Mgeni aingiaye Zagayu, katika wilaya ya Itilima, husalimiwa asubuhi mwangaluka. Mwenye haraka huitika akapita, akiyahesabu maswali yafuatayo, ya nyumbani na ya ukoo, kuwa ni kupoteza wakati. Hajui kwamba amekwisha kupimwa. Aonapo binti amepiga magoti mbele ya mzee, moyo humwambia kuwa ameona utumwa. Akikaa msimu mmoja wa pamba, akala kwa watu na kuugulia kwao, ataambiwa kuwa ile ni heshima, naye ataona haya kwa hukumu yake ya kwanza.

Hapo ndipo wasafiri wengi wema huishia, nao huishia mapema. Nani aliyemwambia? Pengine ni yule mzee aliyepigiwa magoti. Binti hakuulizwa. Aweza kupiga magoti kwa mapenzi, kwa mazoea, au kwa hofu ya lawama. Na mabinti wawili wa nyumba moja waweza kuhitilafiana. Hukumu ya kwanza ilimdhulumu kwa kutowajua watu wake. Ya pili yamsahau kwa kuwajua.

Tangu miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wengi wa Kisukuma wamehama na ng'ombe wao mpaka Rukwa na bonde la Kilombero. Hawakwenda kutazama. Walitaka maji na malisho katika nchi yenye wenyewe, wakapatana na baadhi na kugombana na wengine. Mtalii hana wa kugombana naye. Labda ndiyo sababu huwasifu wote aliowaona. Mhamaji arudipo kwao kuzika, huulizwa watu wa huko wakoje, naye mara nyingi huanza kwa kumtaja mtu mmoja kwa jina lake.