Je, Likizo ya Wawili ni Anasa?



Picha za kisiwa cha Santorini, kule Ugiriki, siku hizi zimefika hata Kitengela. Bibi anaziona katika simu: nyumba nyeupe juu ya bahari, bwana na bibi wameshikana mikono. Anazitazama, anacheka kidogo, kisha anasema, "Sisi hata Lamu hatujafika."

Tuchukue mfano wa bwana na bibi wa Kitengela wenye miaka 15 ya ndoa. Bwana anafanya kazi Nairobi. Huondoka alfajiri watoto wakiwa wamelala, na msongamano wa magari humrudisha usiku, watoto wamelala tena. Bibi anauza nguo sokoni. Mwezi huu zamu yake ya chama imefika, naye anaomba jambo moja tu: waende Lamu siku nne, wao wawili. Bwana anakataa. Kiwanja chao cha upande wa Kajiado hakijazungushiwa ukuta, na karo ya muhula ujao inakaribia. "Mama watoto," asema, "tujinyime kwanza. Tutastarehe watoto wakimaliza shule."

Msomaji, ungekuwa wewe, ungeamuaje?

Tusiharakishe kumlaumu bwana. Kujinyima ni fadhila ya Kikristo. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi Kajiado, ukatukumbusha kwamba nyumba isiyo na akiba hutikisika upesi. Likizo inayolipiwa kwa karo ya watoto, au kwa mkopo wa simu, haijengi ndoa. Na wanaosafiri ili majirani waone picha, hao wamesafiri kwa ajili ya majirani.

Hata hivyo, tulipime neno lake. Mtu hujinyima kilicho chake. Ukiacha nyama wakati wa Kwaresima, umetoa kilicho chako. Lakini jioni zako na mazungumzo yako si vyako peke yako tangu siku ile ulipotamka ahadi mbele ya altare. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba hata mwili wa mume ni haki ya mkewe, na wa mke ni haki ya mumewe. Basi bwana anayesema "tujinyime" miaka 15, bila bibi kukubali, hajinyimi tena. Anamnyima mwenzake.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mwanamume aliyeoa karibuni hapelekwi vitani. Anaachwa nyumbani mwaka mzima ili amfurahishe mkewe. Taifa lilihitaji askari, lakini furaha ya nyumba ile ililindwa kwa sheria. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulionya kwamba ukaribu wa mume na mke ukikatika, uaminifu wao waweza kuingia hatarini, na malezi ya watoto pia. Yaani bwana anaweza kuwaumiza watoto kwa njia ile ile anayodhani anawasaidia.

Sasa tugeuke kwa bibi. Lamu ni pazuri. Mji wake wa kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na katika vichochoro vyake mizigo hubebwa na punda. Lakini bahari haimfundishi mtu kuzungumza na mwenzake. Mkienda na kimya chenu cha miaka 15, mtaketi nacho ufuoni, kila mmoja na simu yake. Mama, unachomdai mumeo si Lamu. Unamdai yeye mwenyewe.

Wafanyeje basi? Kwanza, karo itengwe. Ukuta unaweza kungoja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ulio nyumbani hauzibwi kwa mawe ya kiwanjani. Pili, waanze na kidogo: Jumamosi moja watoto wabaki kwa nyanya, nao waende Kajiado, watembee, wale chakula cha mchana, simu zikiwa zimezimwa. Tatu, pesa zinazobaki ziamue safari. Zisipotosha Lamu, gari moshi la Madaraka Express, lililoanza mwaka 2017, lina treni inayochukua abiria Athi River, karibu na Kitengela, hadi Mombasa. Mji wa kale wa Mombasa nao uko kisiwani.

Bwana, leo jioni usianze kwa kuuliza safari itagharimu shilingi ngapi. Muulize mkeo: "Ni lini tuliketi mara ya mwisho, sisi wawili tu?" Nawe mama, usimjibu kwa lawama. Mwambie ukweli, kisha msali pamoja kabla ya kulala.

Mungu azibariki ndoa zenu.