ULIMI WA WAKILI NI MALI YA NANI?

Wakili akishapokea ujira, ulimi wake huwa mali ya nani: ya aliyemlipa, au ya haki? Wako wasemao kuwa sheria ni kama sarafu, kila nchi ina yake, na kazi ya wakili ni kuitumia ile aliyoikuta. Neno hili yafaa tulipime kwa mtu aliyefanya uwakili katika nchi mbalimbali kwa muda wa miaka kama ishirini.

Mohandas Gandhi alipata idhini ya uwakili London mwaka 1891. Bombay hakufanikiwa; Rajkot akawa akiwaandikia watu maombi yao. Mwaka 1893 akaajiriwa na nyumba ya biashara ya Dada Abdulla, huko Natal, kwa ujira wa pauni 105 kwa mwaka. Njiani alipita Lamu, Mombasa na Unguja.

Shauri aliloitiwa lilikuwa la pauni 40,000, baina ya tajiri wake na Tayib Haji Khan Muhammad. Wote wawili Waislamu, na tena jamaa. Lilikuwa likiendeshwa Pretoria, katika Transvaal. Gandhi alivisoma vitabu vya hesabu hata akayakinisha kuwa haki iko kwa tajiri wake. Lakini aliona na jambo la pili: gharama za mawakili zikipanda kila siku, na shauri lile likizidi kwenda lingewala wote wawili. Akawasihi wakubali mwamuzi. Mwamuzi akampa haki Dada Abdulla. Tayib angetozwa zote kwa mara moja angefilisika. Gandhi hakutulia mpaka tajiri wake aliporidhia kulipwa kwa mafungu.

Huenda msomaji akasema kuwa wakili huyo alimpunja aliyemwajiri. Twajibu: Dada Abdulla hakupungukiwa na haki yake. Alichokikosa ni furaha ya kumwona jamaa yake ameanguka, na hiyo si haki ya mtu yeyote.

Mwaka 1894 alikubaliwa katika mahkama kuu ya Natal, ijapokuwa chama cha mawakili kilimpinga. Alipoamriwa kuvua kilemba mahkamani alikivua, na rafiki zake wakamlaumu. Mwaka 1903 akaandikishwa wakili Johannesburg. Katika shauri moja iligunduliwa kosa la hesabu lililomfaa mteja wake. Wakili mkubwa aliyekuwa naye alitaka linyamaziwe. Gandhi akalikiri mbele ya mahakimu, wakalisahihisha, na hukumu ikabaki kwa mteja wake. Basi kilemba kilivuliwa, lakini ukweli haukuvuliwa.

Mwaka 1908 alihukumiwa kifungo katika mahkama ile ile ya Johannesburg alimozoea kuwatetea wengine, na mwaka 1922 jina lake likafutwa katika daftari la mawakili London. Lilirudishwa mwaka 1988, miaka arubaini baada ya kufa kwake.

Hatusemi kuwa kila shauri lipatanishwe. Aliyedhulumiwa na mwenye nguvu ana haki ya kwenda mahkamani, na wakili amsimamie pasi na woga. Lakini ndugu wa tumbo moja wanapogombea shamba la minazi aliloliacha baba yao, na kila mmoja akauza sehemu yake ili amlipe wakili, mshindi atarithi nini? Wakili mwema ni yule awaambiaye hayo mapema, kabla hajapokea ujira wake.