Jina la Ukoo ni la Nani?

Katika miaka yangu ya ualimu niliandika majina ya watoto wengi kuliko ninavyoweza kuyahesabu. Kila mwanzo wa mwaka wazazi walipanga foleni nje ya ofisi, nami nikaketi na rejista mpya, kalamu na rula. Kazi hiyo niliiona kuwa nyepesi kuliko zote za mwalimu. Hesabu zilinisumbua, vyoo vya shule vilinisumbua, lakini majina hayakunisumbua hata siku moja. Sasa nimestaafu, umri umepita miaka sabini, na katika mambo yote niliyoyaacha shuleni ni jina moja tu linalonirudia usiku. Kwa ajili ya jina hilo nimeona vema nijiulize swali ambalo sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu: jina la ukoo ni la nani? Ni la wenye damu moja, au ni la kila aliyelibeba na kulitunza?

Huku kwetu Miono swali hili lina mizizi mirefu. Wakwere, Wadoe na Wazigua, kama walivyo jirani zao Wazaramo na Waluguru, ni watu ambao ukoo wao hufuata upande wa mama. Mtoto akizaliwa huwa wa lukolo la mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Upande wa baba nao hauachwi mikono mitupu. Humpa mtoto jina la heshima, ambalo wengine huliita mtala. Kisha ikaja dini ya Kiislamu kutoka pwani, wakaja mapadri waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 na Mandera mwaka 1881, zikaja ofisi za Wajerumani na za Waingereza, na mwisho shule. Wote hao waliuliza swali moja: baba yako nani, na babu yako nani? Rejista yangu ilikuwa na nafasi ya majina matatu, na katika hayo matatu hapakuwa na mahali pa mama. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa na ukoo kamili nyumbani aliweza kufika mezani kwangu akaonekana hana kitu.

Kabla sijaeleza yaliyonipata, naomba msomaji anifuate mbali kidogo, kwani jambo la karibu mno halionekani vizuri.

Huko Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, kuna jina la ukoo Sykes. Maana yake ni kijito au mfereji wa maji. Bila shaka mtu wa kwanza kuitwa hivyo aliishi kando ya maji ya namna hiyo. Majina ya ukoo ya nchi ile yalianza kurithishwa kiasi cha miaka 700 iliyopita. Mwaka 2000 profesa mmoja wa Oxford, Bryan Sykes, aliona apime wenye jina lake. Alitumia kromosomu Y, ambayo baba humpa mtoto wa kiume peke yake, na hivyo husafiri pamoja na jina. Alipima wanaume 48 wasiojuana, wote Sykes. Karibu nusu yao walikuwa na alama moja, dalili kwamba wanatokana na mtu mmoja wa zamani sana.

Watu wengi walistaajabia nusu hiyo ya kwanza. Mimi nilistaajabia nusu ya pili. Wale wengine hawakuwa na alama ile, na bado ni Sykes. Katika miaka 700 mjane ameolewa na watoto wake, yatima amechukuliwa, kijana amefuata jina la mama yake, na mke, aghalabu, amekuwa na siri yake. Wazee wetu walilijua jambo hili bila maabara, ndiyo maana wakasema kitanda hakizai haramu. Methali hiyo haikusudii kusifu uzinzi. Inasema kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ni wa nyumba, na mwenye kutaka kuchunguza zaidi anatafuta kubomoa.

Jina hilohilo tunalo hapa Tanzania. Mwaka 1889 Wajerumani, chini ya Hermann von Wissmann, walileta askari Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji ili kuvunja upinzani wa Bushiri bin Salim na wa Bwana Heri wa Saadani. Miongoni mwa waliotoka Msumbiji alikuwamo Mzulu aitwaye Sykes Mbuwane. Mwanawe alizaliwa Pangani mwaka 1894 akapewa jina la Kijerumani, Kleist. Baba alipofariki, mtoto yule alilelewa na askari mwenzake baba, Affande Plantan, lakini akaendelea kuitwa Kleist Sykes. Akawa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Waafrika cha Dar es Salaam mwaka 1929, na wanawe Abdulwahid na Ally wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954.

Tazama basi mwendo wa jina moja. Kijito cha Yorkshire hakikupita Pangani. Ukiifuata damu, Sykes wa Kariakoo na Sykes wa Huddersfield hawana la kuzungumza. Hata hivyo nani atathubutu kusema kwamba Kleist Sykes alikuwa na jina la kuazima? Amelibeba, amelitolea jasho, amewaachia wanawe likiwa na heshima kuliko alivyolipokea.

Kwa muda mrefu niliridhika na jibu hilo. Nilisema jina ni la anayelibeba vizuri, basi. Kisha mtu mmoja alibisha hodi nyumbani kwangu.

Mwaka 1977 ulikuwa mwaka wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Nilikuwa mwalimu kijana, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu, katika shule ya kijiji kimoja cha huku kwetu. Watoto walikuja kwa makundi, wengine wakubwa, wengine hawajui hata siku waliyozaliwa. Mvulana mmoja aliletwa na bibi yake, mama wa mama yake, kikongwe aliyetembelea mkongojo. Nilimwuliza jina la mtoto, akanijibu. Jina la baba, akanijibu, akaongeza kwamba baba amekwenda kwenye mashamba ya mkonge na hajarudi. Nikauliza jina la ukoo. Bibi akataja jina.

Halikuwa jina la huku. Sikulisikia vizuri, wala sikujua litaandikwaje. Nilimwomba alirudie, akalirudia. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna, na mmoja akacheka akasema, “Hao wana ukoo gani, Mwalimu?” Nilielewa maana yake. Mama wa kikongwe yule alinunuliwa. Aliletwa na msafara kutoka bara, akaachwa njiani kabla ya Bagamoyo, akawa mtumwa katika mji wa ukoo mmoja wa huku. Utumwa ulifutwa kwa sheria ya Tanganyika mwaka 1922, ila sheria haikuwa na uwezo wa kumpa lukolo. Kwa watu ambao ukoo hufuata mama, mwanamke aliyetolewa kwao huzaa watoto wasio na mjomba. Binti yake, na mjukuu, na kitukuu, wote wanabaki watu wa mji wa fulani.

Nilitaka kumwondolea mtoto aibu, na nilitaka foleni isogee. Nikaandika jina la mzee mwenye mji ule, aliyekuwa akiwalea. Jina lenyewe silitaji hapa, maana ni jina la nadra, lina nyumba moja tu katika tarafa nzima, na wenyewe wako hai. Bibi hakujua kusoma. Aliniamkia kwa heshima, ingawa nilikuwa rika la wajukuu zake, akaondoka.

Yule mvulana alisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa jina hilo. Akaoa kwa jina hilo, akawapa watoto wake, akapata kitambulisho cha taifa kwa jina hilo. Mzee aliyemlea alimwonyesha kipande cha pori, akafyeka, akapanda mikorosho. Mzee akafariki. Miaka michache iliyopita, mwana wa mzee naye alipofariki, warithi waliitisha kikao cha mirathi, na wajukuu waliokaa Dar es Salaam wakasema: huyu si wetu, jina letu amelipata wapi? Ndipo alipokuja kwangu, mwenyewe ana mvi, akaketi barazani, akaniambia, “Shikamoo Mwalimu. Nimekuja uniambie. Jina hili si uliliandika wewe?”

Nilikwenda kikaoni naye. Njiani nilikuwa na njia mbili mbele yangu. Ningeweza kusema kwamba rejista ni karatasi ya serikali na haisemi uongo. Wangeniamini, kwani nusu yao nimewafundisha. Au ningeweza kusema kweli, na mwanafunzi wangu akatolewa shambani kwa ulimi wangu.

Nilisema kweli. Nilisema kwamba jina niliandika mimi, bila kuagizwa na mtu. Nikasema pia sehemu ya pili ya kweli hiyo: kwamba mzee aliliona jina hilo kwenye ripoti za shule miaka saba, akaja kwenye mikutano ya wazazi likiitwa, akalipa michango, na hakuniambia hata siku moja nilifute.

Mwalimu wa madrasa alikuwapo. Alinikosoa mbele ya wote, na alikuwa na haki. Alikumbusha kwamba Kurani, katika sura ya Al-Ahzab, imeamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na kwamba hata Zaid bin Haritha, aliyekuwa akiitwa mwana wa Mtume, alirudishiwa jina la baba yake. Lakini hakuishia hapo. Aliwageukia warithi akawaambia kwamba aya hiyohiyo imesema wasiojulikana baba zao ni ndugu zenu katika dini; basi kama jina si la urithi, undugu haukufutwa. Mtoto wa kulea harithi kwa haki, lakini hakuna dini inayomkataza mrithi kutoa.

Walijadili mpaka alasiri. Mwisho walimwachia mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake pamoja na ardhi yake, na sehemu iliyobaki ya shamba wakaichukua. Kuhusu jina hawakuamua lolote. Mama mmoja wa ukoo ule, dada wa marehemu, alisema tu, “Yeye ndiye aliyeshika jeneza la kaka yangu upande wa kichwa. Ninyi mlifika siku ya tatu.” Kikao kikafungwa.

Tangu siku hiyo jibu langu limebadilika. Sisemi tena kwamba jina ni la damu. Sykes 48 wanatosha kunizuia. Wala sisemi kwamba jina ni la yeyote anayelipenda, maana hapo kila tapeli angejitwalia jina la wenye shamba. Naona jina la ukoo ni kama deni la pamoja. Ni la wale wanaoitwa likitajwa: mgonjwa akilazwa, kaburi likichimbwa, mahari yakipungua. Mwenye damu asiyefika analo kwenye karatasi. Asiye na damu anayefika anastahili aachiwe, lakini aachiwe na wenyewe, kwa hiari yao. Na hapo ndipo lilipo kosa langu. Nilitoa kitu kisichokuwa changu.

Lakini kosa kubwa zaidi si hilo.

Katika karne ya 19, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani hii hadi Somalia, wengine kwa sababu ya njaa iliyowafanya waingie majahazini kutafuta chakula. Walitoroka wakajenga vijiji kando ya mto Juba. Vita vilipolipuka Somalia mwaka 1991 baadhi ya wajukuu zao walirudi huku, wakapewa mahali Chogo, Handeni, na wengi wakapata uraia. Wengine walipelekwa Marekani. Walipofika Handeni walizungumza Kizigua, na wenyeji wakawaelewa. Watu wale hawakuwa na rejista wala mwalimu. Walitunza kwa ulimi, zaidi ya miaka mia.

Bibi yule naye alikuwa ametunza. Mama yake aliletwa bila kitu, hata nguo si yake, akaja na jina moja kutoka kwao, akamwachia binti, naye akalishika mpaka uzeeni ili alifikishe mezani kwangu. Alilitaja mara mbili. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Mwanafunzi wangu aliniuliza tukiwa njiani kurudi, “Mwalimu, bibi alisema jina gani siku ile?” Bibi amekwisha kufa, mama yake pia, na yeye alikuwa mtoto. Nimejaribu sana kulikumbuka. Nakumbuka mkongojo, nakumbuka kicheko cha foleni, nakumbuka hata rangi ya khanga. Jina silikumbuki. Nilimwambia hivyo, naye akaninyamazia, tukatembea mpaka njia panda. Pale akaniaga kwa adabu, kama bibi yake.

Ninyi mnaoandika majina leo, zahanati, shuleni, ofisi ya kijiji, mkitajiwa jina msilolijua, ombeni lirudiwe hata mara ya tatu, kisha liandikeni hivyohivyo lilivyo. Foleni itangoja.